Viti vya Lubondja na Bourse ya Mauwa

Asubuhi niliyotoka Mboko sikuwa na safari. Niliamka, nikanawa uso ziwani, nikaona barabara iko wazi, nikaanza kutembea kuelekea Uvira kwa sababu ndio upande niliokuwa nimetazama. Ningegeuza shingo upande mwingine, labda leo ningewaandikia habari za samaki.

Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano la msingi. Hakuna aliyenifukuza. Mwalimu alikuwa anaeleza habari za mto Kongo, nami nikatoka kwenda kutazama mto wa karibu, basi sikurudi. Ninyi mnaomaliza sekondari msinifuate katika hilo. Nifuateni katika kuuliza, maana kuuliza sijawahi kuacha.

Nilipofika mbele ya shule moja kando ya barabara, nikamkuta mwanaume ameshika bahasha kubwa, anaitazama pikipiki iliyokataa kuwaka. Alikuwa Mwalimu Echa, katibu wa shule ile. Akaniita.

— We kijana, unaenda wapi?

— Sijue bado.

— Muzuri. Basi unaenda Uvira.

Ndani ya bahasha mlikuwa na dossier za wanafunzi wanne waliotaka kuingia chuo kikuu: diploma, hati za kuzaliwa, picha ndogo, kila kimoja na nakala zake. Mwalimu Echa alinipa nauli na neno moja tu: nisirudi bila karatasi ya kuonyesha kwamba wamezipokea. Uvira, karani wa chuo akazichukua, akaniambia niende. Nikamwambia siwezi kwenda. Akasema ofisi inafungwa. Nikamwambia afunge tu, mimi nitalala mlangoni. Akacheka, akanigongea muhuri. Nilirudi kwa Mwalimu Echa na karatasi ile mfukoni kama mtu aliyebeba yai.

Ndivyo kazi yangu ilivyoanza. Miaka yote niliyoifanya, kati ya Fizi, Baraka, Mboko na Uvira, nilipeleka dossier kwenda vyuoni, nikalipa ada benki kwa niaba ya wazazi, nikarudi na bordereau, yaani ile karatasi ya benki inayothibitisha malipo. Watu wakaniita Baba Dossier. Sasa magoti yamechoka na dossier nyingi zinatumwa kwa simu. Lakini maswali mnayoniletea nyumbani ni yale yale, kwa hiyo nimeona niyaandike.

Kosa langu la kwanza kubwa nilimfanyia mvuvi mmoja wa Mboko, Baba Sadiki. Aliniomba nimtazamie bei ya chuo kwa ajili ya mwanawe. Nikaenda, nikasimama mbele ya ule ubao wa matangazo ambao wanafunzi wanauita valves, nikasoma mstari wa kwanza: minerval, yaani ada ya masomo, kiasi fulani. Nikakiandika kiganjani kwa kalamu, nikarudi nacho mbio. Baba Sadiki akauza kipande cha shamba la mihogo, akalipa. Wakati wa mitihani kijana akarudi nyumbani. Chini ya mstari ule nilioukariri kulikuwa na mistari mingine: kuandikishwa, maabara, bima, na pesa ya kujiandikisha mitihani. Bila hiyo ya mwisho jina lako haliitwi mlangoni, hata kama minerval umemaliza. Na bado kulikuwa na syllabus, vile vijitabu vya masomo, ambavyo ubaoni havikuandikwa kabisa.

Baba Sadiki alikuja kwangu. Ningependa angepiga kelele. Alikaa tu, akanywa maji niliyompa, akaniuliza kwa sauti ya chini:

— Baba Dossier, ile karatasi ilikuwa na mwisho?

— Ilikuwa nayo.

— Na we ulifika kwa mwisho?

Kijana alipoteza mwaka ule. Alirudi chuoni mwaka uliofuata, akamaliza, leo anafundisha. Lakini swali la baba yake sijalisahau.

Nilimsimulia Mwalimu Echa. Hakunisema. Alichukua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa.

— Huku andika bintu chuo inaomba. Huku andika bintu mwili inaomba. Chuo inaomba mara mbili, mara tatu kwa mwaka. Mwili inaomba kila siku. Na karatasi ya chuo, soma mpaka kwa muhuri.

Tangu siku ile sikumpa mzazi bei ya chuo bila kurasa zote mbili. Nilipiga picha karatasi nzima pale ubaoni. Zamani, kabla ya simu, niliinakili yote, hata jina la aliyetia saini. Niliuliza kama ni dola au faranga, na kama ni faranga, kwa bei gani ya siku ile. Niliuliza tranche ni ngapi, maana ada hulipwa vipande vipande, na kila tranche ina tarehe yake. Upande wa mwili niliandika chumba, unga, makaa, sabuni, dawa ya malaria na safari ya kurudi nyumbani. Mzazi aliposhtuka nilifurahi, ajabu kusema. Mzazi aliyeshtuka Agosti anajipanga. Anayeshtuka Februari anauza kitu kwa hasara.

Kuna jambo jingine: tranche ikikushinda, usijifiche. Chuo kina barua inayoitwa moratoire, ya kuomba kulipa kwa kuchelewa. Ipelekwe kabla ya tarehe. Andika jina lako lote kama lilivyo kwenye diploma, mwaka wa masomo, umelipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, utamaliza siku gani. Ambatanisha bordereau. Kijana mmoja wa Baraka alijaza ukurasa mzima kwa salamu, akamsalimu mhasibu na jamaa yake na wagonjwa wote wa nyumbani kwake, akatia saini. Hakuomba kitu. Mhasibu akaandika chini: «Nasi hatujambo.» Nilimletea ile barua. Aliikunja akaiweka kwenye Biblia yake. Akaandika nyingine, ikakubaliwa.

Kuhusu bourse, yaani msaada wa kulipia masomo, wengi wanadhani ni mfuko unaopewa, unaenda nao. Nimeona bourse za kanisa, za jamaa za ukoo, za mashirika. Nimewapeleka pia vijana wa Kirundi waliokuja kama wakimbizi, wakidhani bourse zote ni za wenye nchi. Hapana, wao wana mlango wao katika mashirika yanayohudumia wakimbizi, ila unafungwa mapema, kwa hiyo waulize mwaka ungali mchanga. Popote utakapoomba, uliza inalipa nini, maana nyingi zinalipa chuo na kukuachia tumbo lako. Uliza inalipa lini, maana pesa yake inaweza kufika tranche ya kwanza imepita, na hapo moratoire ndiyo inakushika mkono. Uliza inataka alama gani ili iendelee mwaka wa pili.

Na uliza nani atakuja kukutembelea nyumbani. Hapo ndipo nilipoharibu vibaya kuliko kwa Baba Sadiki.

Lubondja kulikuwa na binti anaitwa Mauwa. Mama yake alikuwa mjane, analima mihogo na maharagwe kwenye shamba la kukodi. Mihogo ya kijiji ilikuwa inaugua, majani yanajikunja na kuwa na madoadoa ya njano, na Mauwa alikuwa ameamua kusoma kilimo ili ajue kwa nini. Diploma yake ilikuwa na asilimia nzuri. Chuo kimoja cha Bukavu kilimkubali, na nafasi yake ingeshikiliwa mpaka tarehe ya kufunga maandikisho. Bila bourse hakukuwa na njia. Mama yake alikuwa na mbuzi hata mmoja? Hakuwa naye. Tulipiga hesabu kurasa zote mbili, mama akaniuliza kama kuna ukurasa wa tatu wa pesa inayoingia.

Kamati ya bourse ya kanisa moja ilikuwa na ofisi Uvira. Nikapeleka dossier ya Mauwa, nikapata muhuri. Baada ya wiki chache nikapewa habari kwamba katibu wa kamati, Mama Furaha, atafika Lubondja mwenyewe kuona hali ya nyumbani. Nikapanda pikipiki kwenda kumwambia mama yake.

— Mama Mauwa, mugeni mukubwa anakuya siku ya ine. Mumupokee muzuri.

Hayo ndiyo maneno yangu. Mumupokee muzuri. Mnajua kwetu neno hilo linamaanisha nini.

Siku ya nne nilifika na Mama Furaha, nikadhani tumekosea nyumba. Uani kulikuwa na viti kumi na viwili. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe chenye maua. Kulikuwa na thermos mbili, sahani za udongo, redio inaimba kwaya, na taa ya jua imening'inizwa mlangoni mchana kweupe. Mbuzi alikuwa kwenye sufuria. Mama Mauwa alivaa kitenge kipya, amesimama wima, uso unang'aa. Mauwa alitunawisha mikono kwa maji ya moto.

Tulikula. Mungu anisamehe, nilikula sana. Mama Furaha aliuliza maswali kwa adabu, naye Mama Mauwa alijibu vile mwenyeji anavyomjibu mgeni.

— Hali ya nyumba iko namna gani, mama?

— Tuko muzuri, aksanti kwa Mungu. Hatukose kintu.

Mama Furaha akaandika. Mimi nilikuwa na mfupa mdomoni.

Majina yalipobandikwa Uvira nilisoma mpaka kwa muhuri, mara tatu. Mauwa hakuwemo. Nikaingia ofisini. Mama Furaha alinionyesha fomu yake: viti kumi na viwili, redio, taa ya jua, mbuzi amechinjwa, mama anasema hawakosi kitu.

— Baba Dossier, kuko mutoto mwengine njia ya Mboko, nyumba yao iko na kiti moja, tena mubovu. Nitasema nini kwa kamati?

— Mama, vile biti haikuwa yao.

— Niliikalia na mwili yangu.

— Uliikalia, lakini haukuigeuza.

Akanitazama kama anamtazama mlevi. Nikamweleza. Kwetu, kiti cha mbao kina jina la mwenyewe chini, limechomwa kwa chuma au kupakwa rangi, kwa sababu viti vinatembea. Vinaenda harusini, vinaenda matangani, vinarudi kwa majina yao. Angegeuza kimoja angesoma jina la jirani.

— Sasa we ulijua, na ulinyamaza?

— Nilikuwa nakula, mama.

Hakucheka. Alifunga fomu, akasema kamati itakaa mara moja tu kabla ya chuo kufunga maandikisho. Nikitaka kubadilisha neno lililoandikwa, nilete maandishi yenye saini. Kwa kawaida, akasema, mtu huleta attestation d'indigence, karatasi ya ofisi ya serikali inayosema familia haina uwezo. Mama Mauwa apande Fizi akaiombe.

Nikarudi Lubondja na habari ile. Mama Mauwa alikuwa anamenya mihogo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu hakikusimama.

— Ile karatasi itasema nini?

— Itasema hamuna uwezo.

— Itasema mi ni muskini.

— Ni lugha ya bureau tu, mama.

— Baba Dossier, niko na mikono mbili. Bwana yangu alikufa, sikuenda kuomba kwa muntu. Leo nipande Fizi, nisimame mbele ya batoto ya bureau, niseme niandikieni umuskini wangu? Na nigonge muhuri?

Mauwa alikuwa karibu na mlango, amebeba kikapu cha maganda. Alikitua kikapu, akaketi kando ya mama yake, akachukua kisu kingine, wakaendelea kumenya pamoja. Nilitamani angelia, ningejua la kufanya. Alisema tu, bila kuinua macho:

— Kama mama hapendi, ibaki. Nitalima.

Mimi ndiye niliyesema mumupokee muzuri. Mama yule hakukosea kitu. Alifanya nilichomwambia, kama mama yeyote wa kwetu angefanya, na mtoto wake alikuwa anaachwa kwa sababu hiyo.

Nilitoka uani bila kujua ninakokwenda, kama kawaida yangu, miguu ikanipeleka kwa jirani, Muzee Alimasi, seremala. Yeye ndiye aliyetoa viti viwili vya ile karamu, kimojawapo kile kizuri chenye mgongo wa ngozi ya mbuzi. Nilimsimulia yote. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaacha ghafla.

— Basi tuliua mutoto na biti yetu.

— Karibu hivyo.

— Uko na karatasi?

Tuliandika mimi na yeye, juu ya meza yake ya kazi, randa ikizuia karatasi isipeperuke. Hatukuandika kwamba Mama Mauwa ni maskini. Tuliandika tu kwamba vitu vyetu ni vyetu. Mimi Alimasi, viti viwili. Kisha tukapita nyumba kwa nyumba. Mama wa kwaya akaandika: kitambaa cha meza ni cha kanisa, na doa la mafuta lililopo sasa halikuwepo. Mwenye redio akaandika redio, na kwamba betri zilirudi zimeisha. Viti vikatajwa vyote, vyote vikapata saini au kidole. Mwenye mbuzi, ndugu wa marehemu mumewe, akaandika: mbuzi alikuwa wangu, nilimtoa kwa moyo wangu, anayedhani Mama Mauwa ana mbuzi aje anionyeshe anamfunga wapi. Thermos mbili. Taa ya jua. Kitenge kipya kilikuwa cha dada yake Mama Mauwa, naye akaandika kwamba anakihitaji Jumapili.

Chifu wa kijiji alisoma yote kwa sauti, polepole, akagonga muhuri.

Nilimpelekea Mama Mauwa aione kwanza. Nilimsomea kila mstari. Nilipofika kwenye betri alitabasamu. Kwenye mbuzi akafunika uso kwa mkono.

— Neno muskini iko wapi?

— Haimo.

— Soma tena.

Nikasoma tena. Akasema niipeleke.

Mama Furaha aliisoma amesimama, kisha akakaa. Niliona mabega yanatikisika, nikafikiri amekasirika. Alikuwa anacheka huku anafuta macho.

— Mi kwangu Uvira, jirani hawezi kunipa hata ufagio. Huyu bamemupa mpaka mbuzi!

Akaibandika karatasi ile juu ya fomu yake. Kamati ilikaa, na jina la Mauwa likaongezwa. Bourse ingelipa chuo tu, tena baada ya maandikisho, na angetakiwa kufaulu kila mwaka bila kurudia. Chumba na chakula vilibaki kwetu. Jamaa wa Lubondja walikuwa na likirimba, kile chama cha kuchangiana kwa zamu. Wakampa Mama Mauwa zamu ya kwanza, ingawa haikuwa yake. Kwa tranche ya kwanza, Mauwa aliandika moratoire mwenyewe. Niliikagua. Ilikuwa na mistari sita na salamu moja.

Mama yake aliniomba nimsindikize. Nikamwambia ukweli, kwamba njia yangu ilikuwa inaishia Uvira siku zote, na Bukavu sijawahi kukanyaga. Akasema ndiyo maana ananituma mimi: mtu anayejua mahali haulizi. Asubuhi ya kuondoka Muzee Alimasi akaja na kile kiti chenye mgongo wa ngozi, akakifunga kwa kamba juu ya mizigo. Mauwa akamwambia atakirudisha akimaliza masomo.

— Utakirudisha ya nini? Biti mi natengeneza. Ni yako.

Tulifika Bukavu siku ya pili, mchana, baridi imetushika kama tumeingia majini. Nyumba zimepandana mlimani, na kila njia inapanda hata ile uliyodhani itashuka. Nyumba ya wanafunzi ilikuwa imejaa. Tukaanza kuuliza mlango kwa mlango, mimi mbele na kiti kichwani, Mauwa nyuma na begi na gunia la unga wa mihogo. Chumba cha kwanza bei ilitushinda, cha pili paa lilikuwa linaonyesha mbingu. Cha tatu kilikuwa cha mama mmoja mzee Mshi, mwenyeji wa kule, nyuma ya nyumba yake, kidogo, kikavu, chenye dirisha. Alitutazama, akatazama kiti, akanisaidia kukishusha. Kabla sijasema neno akakigeuza, akasoma chini.

— Alimasi ni nani?

— Ni jirani yetu wa Lubondja, — Mauwa akajibu.

— Na jirani akakupa kiti ya muzuri hivi?

— Eh, mama.

Mama yule akakisimamisha tena, akakipangusa vumbi kwa kiganja. Akataja bei ya mwezi, kisha akaishusha kabla hatujajadiliana, akasema pesa itolewe mwisho wa mwezi, yeye hana haraka.

Chumba hakikuwa na kitu. Mauwa aliweka begi pembeni, gunia akaliegemeza ukutani, na kiti akakiweka katikati. Nilitaka kuketi sakafuni, magoti yangu yalikuwa yamemaliza kazi yao. Akanishika mkono.

— Hapana, Baba. Kaa kwa kiti. We ndio mugeni.

Nikakaa. Yeye akaenda kumwomba mama mwenye nyumba maji ya kuninawisha.